Sultani Barghash bin Said na Malango ya Biashara: Kutoka Bagamoyo hadi Kismayu

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya akitakiwa kutaja dola iliyojengwa juu ya njia za biashara, aghalabu hutaja Ghana au Mali ya kale. Ataeleza jinsi mfalme wa Ghana alivyotoza dinari moja kwa kila punda aliyeingia na shehena ya chumvi, na dinari mbili shehena hiyo ilipotoka. Ataeleza pia jinsi Mansa Musa wa Mali alivyokwenda Hija mwaka 1324 na kuigawa dhahabu mjini Kairo kwa wingi uliowashangaza wenyeji. Masimulizi haya yana faida kubwa. Hata hivyo, somo lake lipo pia karibu na nyumbani, na kwa mkazi wa Garissa lipo karibu zaidi kuliko anavyodhani.

Mji wa Garissa umekaa kando ya Mto Tana, karibu katikati ya Nairobi na Kismayu. Ukipima kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 320 kuelekea kila upande. Soko lake la mifugo limejengwa na jambo hilohilo: ng'ombe hutoka mashariki, pamoja na wale wanaovuka mpaka kutoka Jubaland, na wanunuzi hutoka magharibi. Kihistoria, bandari iliyo karibu ya ardhi hii ya mashariki ya Tana ni Kismayu. Kwa nini basi mpaka wa kimataifa umepita baina ya ardhi na bandari yake? Jibu haliwezi kukamilika bila ya kumtaja mtu aliyeishi Unguja, ambaye hakupata kuliona Garissa wala mji huo haukuwapo zama zake. Mtu huyo ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuangazia jambo moja: namna alivyoyatawala malango ya biashara bila ya kuzitawala njia zenyewe, na gharama ya tofauti hiyo kwake na kwa waliokuja baada yake.

Ujana na uhamisho

Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837, mwana wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, kwa mama surie wa Kihabeshi. Said ndiye aliyeuhamishia uzito wa dola yake Unguja, akastawisha karafuu na kuifanya forodha ya kisiwa hicho kuwa hazina yake. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo alijifunza mapema kwamba utajiri wa kisiwa kidogo hutoka ng'ambo ya bahari, bara.

Mwezi wa Oktoba 1856, Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwamo katika jahazi hilo la kifalme. Alimzika baba yake usiku, kisha akajaribu kukitwaa kiti kabla ya mji haujapambazukiwa na habari. Hakufaulu. Ndugu yake Majid ndiye aliyetawala Zanzibar, na ndugu mwingine, Thuwaini, akabaki na Oman. Mwaka 1859 Barghash alijaribu tena, safari hii kwa silaha, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, akiwamo Sayyida Salme aliyekuwa mwandishi wa barua za njama hiyo. Uasi huo ulivunjwa katika shamba la Marseilles kwa msaada wa mabaharia wa manowari ya Kiingereza. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko hadi mwaka 1861.

Mwaka huohuo wa 1861, Waingereza waliamua rasmi kwamba Zanzibar na Oman ni nchi mbili mbalimbali. Barghash alirudi nyumbani akiwa amejionea mambo mawili. Kwanza, alikuwa ameiona bandari kubwa ya kisasa, yenye meli za moshi na viwanda vya uchapaji. Pili, alikuwa ametambua kwamba katika pwani hii, mwenye manowari ndiye mwamuzi wa mwisho. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alirithi kiti bila ya vita.

Forodha ilivyofanya kazi

Dola aliyoirithi haikuwa na mipaka bara. Kwa hakika, nguvu zake zilikuwa ni mlolongo wa bandari: Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Mombasa, Lamu, na kaskazini zaidi Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu. Katika kila bandari palikuwa na liwali, askari kadhaa wa Kibaluchi au Kiarabu, na nyumba ya forodha. Nyuma ya bandari hizo njia ziliingia bara siku nyingi. Iliyo maarufu zaidi ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapo hadi Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Manyema. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipanda na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, wakateremka na pembe za ndovu. Njiani humo waliteremshwa pia watumwa, na hilo halipaswi kufichwa katika masimulizi yoyote ya haki.

Sultani hakuwa na haja ya kuweka askari katika kila kijiji cha njiani. Mikataba ya biashara ambayo baba yake aliwekeana na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844 ilimfunga asitoze zaidi ya asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingizwa na wageni. Kwa upande mwingine, hakufungwa kwa bidhaa zilizotoka bara. Pembe na sandarusi zilitozwa kwa kadiri ya mahali zilikotoka, na pembe za Unyamwezi zilitozwa zaidi. Wageni nao walizuiwa kununua bidhaa hizo moja kwa moja katika pwani ya Mrima. Kwa njia hii, kila frasila ya pembe ililazimika kupita katika lango la Sultani.

Hata ukusanyaji wenyewe hakuufanya kwa mkono wake. Forodha ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi: kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji, na kuanzia mwaka 1876 Taria Topan. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Wafanyabiashara haohao ndio waliowakopesha wasafiri wa bara nguo na bunduki. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisafiri kwa mikopo ya Taria Topan. Kwa hiyo, kamba iliyomfunga msafiri wa Manyema na mji wa Unguja ilikuwa ni deni. Alijua kwamba siku moja atarudi kulipa, na mahali pa kulipia ni pamoja tu.

Utaratibu huu ulikuwa na busara yake. Ulikuwa rahisi kuuendesha, haukudai jeshi kubwa, na uliwaachia machifu wa bara mamlaka yao. Kasoro yake ilijitokeza mara tu alipotokea mtu bara aliyekataa kuwa njia ya wengine.

Miaka ya misukosuko

Mtu huyo alikuwa Mirambo. Mwaka 1871 mtawala huyu wa Wanyamwezi aliingia vitani na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya kwenda Ujiji. Barghash alipeleka askari na baruti, lakini vita vikaburura miaka kadhaa bila ya ushindi. Hatimaye ilibidi kukubali kwamba njia hiyo haipitiki bila ya ridhaa ya Mirambo. Wawili hawa waliishi wakati mmoja na kupigania mali ileile: mmoja ameshika njia, mwingine ameshika lango.

Wakati huohuo misiba ilimwandama Sultani nyumbani. Alitawazwa wakati kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuwaua watu wengi. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha majahazi, yakiwamo ya Sultani mwenyewe. Kabla hajapumua, mwezi wa Januari 1873 alifika mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, kudai biashara ya watumwa baharini ikomeshwe. Barghash alikataa. Baadaye John Kirk, balozi wa Uingereza, alimtishia kwamba manowari zingekizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Lililo jema lilipatikana, yaani kufungwa kwa soko lile. Jinsi lilivyopatikana, hata hivyo, ilionyesha kwamba hata lango lenyewe lilikuwa na mlinzi mwingine juu ya mwenyewe. Tena biashara hiyo haikukoma mara moja. Ilihamia nchi kavu: misafara ya watumwa ikatembezwa kandokando ya pwani kuelekea kaskazini, wengine hadi Lamu na nchi za Wasomali. Bonde la Mto Juba lilikuwa tayari na vijiji vya watumwa waliotoroka, katika misitu ya Gosha. Sauti za watu hao hazimo katika hesabu za forodha, lakini vizazi vyao vipo hadi leo kando ya mto huo.

Kismayu na mlango wa Juba

Upande wa kaskazini ndio unaotuhusu zaidi. Kati ya Mto Tana na Mto Juba, karne ya kumi na tisa ilikuwa ya mageuzi makubwa. Waoromo, ambao walikuwa wenye nguvu katika nchi hiyo, walidhoofishwa na maradhi pamoja na vita vya miaka ya 1860, na koo za Wasomali wa Darod zikavuka Juba na kuenea kuelekea Tana. Hapo ndipo ulipoanzia uenyeji wa Waogadeni katika nchi ambayo sasa ni Garissa. Wafanyabiashara wa Kiharti nao walikuja kwa majahazi kutoka kaskazini na kukaa Kismayu. Pembe, ngozi na mifugo vilianza kuteremkia bandari hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 Barghash alikuwa na kikosi cha askari pale.

Zaidi ya Juba, bandari za Banadir zilipokea misafara kutoka Luuq, mji wa juu ya mto uliokusanya pembe za nchi ya Waborana. Katikati ya njia hizo walisimama masultani wa Geledi kule Afgooye, waliokuwa na nguvu bara kuliko liwali yeyote wa Zanzibar. Barghash alijenga ngome Mogadishu ambayo hadi leo inaitwa Garesa. Mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja: ni gereza letu, ambalo lilitokana na neno la Kireno la kanisa, likapata maana ya ngome na mwishowe jela. Jina la ngome hiyo linatuonyesha ulipoishia mkono wa Sultani. Kuta zake zilikuwa pwani, na mamlaka yake hayakwenda mbali na kuta hizo.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1875. Barghash alikuwa ametoka kuzuru London katikati ya mwaka, na kupokewa kwa heshima kubwa. Mwezi wa Oktoba, Khedive Ismail wa Misri, aliyetafuta njia ya kufika maziwa makuu kutokea Bahari ya Hindi, alipeleka meli za kivita chini ya McKillop Pasha. Wamisri waliteremka Barawa na Kismayu, na askari wa Sultani hawakuweza kuwazuia. Ikiwa wangebaki, mlango wa Juba ungekuwa wao, na pengine Tana ingefuata. Barghash hakuwa na jeshi la kuwatoa. Aliwaendea Waingereza, na kwa shinikizo lao Khedive aliwaondoa watu wake.

Fadhila hiyo ilikuwa na bei. Mapema mwaka 1876 Barghash alitangaza kukomeshwa kwa utumwa katika Kismayu na Banadir, na mwezi wa Aprili akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Mwaka 1877 aliunda jeshi jipya chini ya Mwingereza, Lloyd Mathews. Kila alipookolewa, alizidi kumtegemea mwokozi.

Karatasi za wageni

Isidhaniwe kwamba Barghash alikaa akisubiri. Alivuta maji safi kutoka chemchemi za Bububu hadi mjini, akanunua meli za moshi, akaleta mtambo wa kuchapa uliotoa vitabu vya madhehebu ya Ibadhi, na mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020. Alijaribu pia kuingia bara, kwa kuweka kituo cha askari Mamboya, katika nchi ya Usagara. Mapema zaidi, mwaka 1877, alizungumza na William Mackinnon kuhusu kumkodisha bara yote, lakini mazungumzo hayo yakavunjika mwaka uliofuata.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami akiwatilisha machifu sahihi katika karatasi wasizozisoma. Mwezi wa Februari 1885 serikali yake ilitangaza ulinzi juu ya nchi hizo. Barghash alipinga kwa simu ya maandishi kwa Kaizari. Alimtuma Mathews Kilimanjaro, ambako machifu walikiri kuwa chini ya Sultani. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti 1885: manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, naye akasalimu amri. Katika mojawapo ya meli zilizofika alikuwamo dada yake Salme, ambaye sasa alikuwa mjane wa Mjerumani, akidai urithi wake.

Hoja ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa moja: Sultani anamiliki pale tu ambapo askari na forodha yake huonekana. Kwa kipimo hicho, dola iliyoishi kwa malango ilipewa malango tu. Mapatano ya mwishoni mwa mwaka 1886 yalimwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 hadi Kipini. Kaskazini ya hapo alibakiziwa Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu, kila mmoja na maili 10 kuuzunguka, na Warsheikh maili 5. Anayeitazama ramani hiyo atashangaa: bandari zimekatwa na kuachwa kama matundu katika kitambaa, bila ya nchi iliyozilisha.

Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anasimulia kwamba alipoonana na Barghash siku hizo alimkuta amekwisha kukata tamaa ya bara. Mwezi wa Mei 1887 Sultani aliikabidhi kampuni ya Mackinnon uendeshaji wa pwani kutoka Mto Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Alikuwa mgonjwa. Alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarejea Unguja, na kufariki tarehe 27 Machi 1888.

Baada yake

Malango aliyoyaacha hayakukaa pamoja. Mwaka 1891 Uingereza na Italia zilikubaliana Mto Juba uwe mpaka wao. Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh zilikodishwa Waitalia, nao wakazinunua mwaka 1905 kwa pauni 144,000. Kismayu ilibaki upande wa Waingereza pamoja na nchi yote hadi Tana. Kwa muda wa kizazi kimoja, ardhi ya Garissa na bandari yake vilikuwa chini ya serikali moja. Kisha mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, kwa ahadi zilizotolewa huko Ulaya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ukahamishwa kutoka mtoni hadi nyikani, Kismayu ikawa ng'ambo, na malisho ya koo zilezile yakagawanywa.

Athari yake ilifika hadi katika lugha. Katika njia ya Tabora na Ujiji, Kiswahili kilipanda bara pamoja na wapagazi, kikaota mizizi. Kaskazini kilibaki pwani: Kibajuni visiwani na Kismayu, Chimwiini mjini Barawa. Njia za ndani zilisemwa kwa Kisomali na Kiborana, kwa sababu wenye ngamia na visima ndio waliokuwa wenye njia. Kiswahili kilienea Garissa baadaye, kikiletwa kutoka magharibi na utawala, askari na shule. Mwalimu wa Kiswahili katika eneo hilo anayelalamika kwamba wanafunzi wake wanakiona kama lugha ya serikali angefaa kuikumbuka historia hii. Kismayu, iliyo mashariki yao, ina wasemaji wa Kiswahili wa tangu jadi, na Kibajuni chake ni lahaja kamili.

Hitimisho

Ni rahisi kumhukumu Barghash kwamba aliuza nchi, na ni rahisi vilevile kumsifu kwa maji na majumba. Haki ni kumpima kwa kazi aliyoirithi. Utaratibu wa forodha ulimtajirisha maadamu wageni walikubali kusimama pwani kununua. Siku walipoamua kupanda bara wenyewe, alikosa watu wa njia wa kumtetea, kwa kuwa hakuwa amewapa sababu ya kufanya hivyo. Mnyamwezi aliyebeba pembe na Msomali aliyeswaga ng'ombe hadi Kismayu walilijua lango lake kama mahali pa kulipa. Shule, barabara au hifadhi iliyotoka kwake hawakuijua.

Serikali zilizomfuata zimeirithi tabia hiyo pamoja na pwani yake. Kaskazini Mashariki imejulikana kwa muda mrefu kwa vizuizi vya barabarani na vituo vya mpakani kuliko kwa barabara zenyewe. Mfugaji anayefika soko la Garissa hajui jina la Barghash, lakini swali lililomshinda Sultani analijua vizuri: ni nini anachopata mwenye njia kutoka kwa mwenye lango?